Ugonjwa wa mlipuko ukithibitishwa, matukio ya kimataifa yasimame? Tujadili kabla ya AFCON 2027

#1 Mwana wa Kagera (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Ninaleta hoja na ninaomba anayeipinga aipinge kwa sababu. Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitakuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika ukanda huu huu, ndani ya miaka michache, tumepata Marburg mara mbili mkoani Kagera, Machi 2023 na Januari 2025. Uganda imepata Ebola ya aina ya Sudan mara mbili, Septemba 2022 na Januari 2025. Rwanda ikapata Marburg Septemba 2024. Na homa ya nyani imepita karibu kila nchi jirani. Sioni sababu ya kudhani kwamba virusi vitatupisha kwa kuwa tuna wageni.

Msimamo wangu ni huu: serikali zetu tatu na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) waandike tangu sasa, na wananchi tuusome, utaratibu unaosema kwamba Ebola au Marburg ikithibitishwa katika nchi mwenyeji, tukio lolote la kimataifa linasimama mpaka zipite siku 42 bila mgonjwa mpya, kwa kuwa hizo ndizo siku zinazotumika kutangaza kwamba mlipuko umekwisha.

Nasema hivi kwa sababu Machi 2023 nilikuwa Bukoba vijijini. Shangazi yangu alifariki wiki ile kwa kisukari, ugonjwa aliokuwa nao kwa miaka mingi, na tulimzika watu wachache, bila kukumbatiana, bila matanga. Tulikubali kwa moyo mmoja, kwa sababu tulielewa hatari. Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo. Tarehe 20 Rais alitangaza akiwa Dodoma, na tarehe 27 na 28 wakuu wa nchi za Afrika wakakutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati. Mwananchi anayeambiwa apunguze watu msibani, akisha kuona ukumbi umejaa wageni wa kimataifa wiki moja baadaye, atasikiliza tangazo lijalo kwa sikio gani?

Nawasilisha.

#2 Mpira na Maisha

Naunga mkono hoja. Morocco walisema maneno haya haya mwaka 2014 Ebola ilipokuwa Afrika Magharibi, na malipo yao yakawa kufungiwa fainali mbili. Mashindano ya 2015 yaliahirishwa kwa shida tupu.

#3 Kumbukumbu za Soka

Mkuu Mpira na Maisha, naomba nikusahihishe kabla kosa halijasambaa. Mashindano ya 2015 hayakuahirishwa hata siku moja. Morocco waliomba yaahirishwe, CAF ikakataa, na Novemba 2014 uenyeji ukahamishiwa Guinea ya Ikweta, nchi iliyokuwa imekwisha kuondolewa katika hatua ya kufuzu kwa kumchezesha mchezaji asiyestahili. Mechi ya kwanza ilichezwa 17 Januari 2015 na fainali 8 Februari, Ivory Coast wakiwatoa Ghana kwa penalti 9 kwa 8. Hakuna mgonjwa wa Ebola aliyehusishwa na mashindano yale.

Adhabu ya kufungiwa fainali za 2017 na 2019 ilitolewa kweli, lakini Aprili 2015 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliifuta na kuipunguza faini kutoka dola milioni 1 hadi dola 50,000. Morocco walicheza fainali za 2017 kule Gabon kama kawaida.

Ninaongeza jambo moja ambalo watu hulisahau. Guinea, ambako mlipuko ule ulianzia, walicheza mechi zao za nyumbani za kufuzu mjini Casablanca. Desemba 2014 hiyo hiyo Morocco ikapokea Kombe la Dunia la Klabu, na Real Madrid wakaondoka nalo. Kwa hiyo anayewataja Morocco kama mfano wa tahadhari ana kazi ya kueleza kwa nini timu ya Guinea ilikaribishwa, klabu za dunia zikakaribishwa, na waliohofiwa wakawa mashabiki wa Afrika Magharibi. Utetezi wao ulikuwa kwamba mashabiki ni wengi na hawapimiki kwa urahisi kama wachezaji, na sisemi hoja hiyo haina uzito. Ninasema tu isimuliwe yote.

#4 Muuguzi wa Wilaya

Asante kwa mada. Nimefanya kazi katika kituo cha mpakani kwa miaka kadhaa na ninaomba tuweke msingi kabla ya kuendelea, maana naona tunataja «mlipuko» kana kwamba ni kitu kimoja.

Mtu aliyeambukizwa Ebola au Marburg haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza, na zikianza huambukiza kwa damu, matapishi, kinyesi na majimaji mengine ya mwili. Anapofikia hali ya kuambukiza sana huwa amelala kitandani, hayuko uwanjani akishangilia. Ndiyo maana waathirika wakubwa ni wanaomuuguza, wanaoosha maiti, na sisi wahudumu wa afya. Rwanda mwaka 2024 walipata wagonjwa 66 na wengi wao walikuwa wahudumu wa hospitali. Uviko ulikuwa kinyume kabisa, kwa sababu mtu aliusambaza kwa pumzi akiwa hajisikii lolote, na kipimajoto cha mlangoni kilimpitisha. Kipindupindu nacho kina njia yake: hapo swali ni maji, vyoo na chakula kinachouzwa nje ya uwanja. Homa ya nyani huenda kwa mgusano wa karibu wa ngozi, na CHAN, mashindano ya soka ya wachezaji wa ligi za ndani, ya Agosti 2025 ilichezwa katika nchi zetu tatu wakati homa hiyo ikiwa bado imetangazwa kuwa dharura ya afya ya kimataifa.

Kwa hiyo ndugu yangu Mwana wa Kagera, kwanza pole kwa shangazi. Pili, hukukatazwa matanga bila sababu. Msiba ni mahali ambapo watu humshika marehemu, hulala pamoja na kula chombo kimoja, wakati ukumbi wa mkutano ulio zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Biharamulo si mahali pa namna hiyo. Ninaelewa kwamba uliumia, na tangazo lilipaswa kukueleza tofauti hii badala ya kukuachia uigundue mwenyewe. Lakini utaratibu unaosimamisha kila kitu kwa ugonjwa wowote utatufanya tufunge milango isiyopitisha ugonjwa na kuacha wazi ile inayoupitisha.

#5 Mwana wa Kagera

Dada Muuguzi, nimekusoma mara mbili na nimejifunza. Hata hivyo nikukumbushe Lagos, Julai 2014. Patrick Sawyer alitoka Liberia akiwa tayari mgonjwa, na safari yake ilikuwa ya kwenda Calabar kwenye mkutano wa jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi. Alianguka uwanja wa ndege wa Lagos. Kutokana na mtu huyo mmoja Nigeria ilipata wagonjwa 20 na vifo 8. Mkutano wa kimataifa ndio uliompandisha ndege.

#6 Wakili Kijana

Mkuu, mfano wa Lagos unasema zaidi ya hapo. Daktari Ameyo Stella Adadevoh alishinikizwa amruhusu mgonjwa yule aendelee na safari ya mkutanoni, akakataa. Baadaye aliambukizwa na akafariki Agosti 2014, na Oktoba mwaka ule Nigeria ikatangazwa kuwa huru na Ebola. Calabar haikusalimika kwa kufuta mkutano, ilisalimika kwa sababu daktari mmoja alikuwa na uwezo wa kusema «hapana» na akasimama hapo.

Hofu yangu juu ya pendekezo lako ni ya kisheria na pia ya kibinadamu. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 zinaitaka nchi itoe taarifa kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 24 baada ya kutathmini tukio linaloweza kuwa dharura ya kimataifa, na zinataka hatua zinazozuia safari au biashara kupita kiasi zitolewe sababu za kisayansi. Mpango wote umejengwa juu ya makubaliano kwamba nchi inayosema ukweli mapema haitaadhibiwa kwa kusema. Sasa wewe unataka tangazo lenyewe liwe ndilo linalofunga mashindano. Fikiria ofisa aliyeshika majibu ya maabara siku 10 kabla ya mechi ya ufunguzi, tiketi zimeuzwa, hoteli zimejaa, na anajua kwamba karatasi hiyo moja ikitoka kila kitu kinasimama. Utakuwa umemwekea kishawishi ambacho hakikuwepo.

Tumeona jinsi siku chache zinavyoweza kuleta utata. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wahisiwa tarehe 14, wizara ikajibu kwamba sampuli hazikuonyesha Marburg, na tarehe 20 mgonjwa akathibitishwa. Sitaki kumtuhumu mtu, kwa kuwa sampuli huweza kutoa majibu tofauti. Ninachosema ni kwamba siku za namna hiyo zingekuwa ngumu zaidi kama kila jibu lingebeba mzigo wa mashindano mazima.

#7 Dereva wa Masafa

Wakuu, mimi naendesha lori kati ya Dar es Salaam, Rusumo na Kigali, na wakati mwingine napita Mutukula kwenda Kampala. Mnazungumzia wakuu wa nchi na wachezaji, lakini malori hayajawahi kusimama. Mwaka 2020 tulicheleweshwa mpakani kwa vipimo na foleni zikawa za kilomita nyingi, tukilala chini ya magari, tukipika pamoja, tukichota maji kwenye ndoo moja. Hivyo waliokuwa wanazuia mkusanyiko walitengeneza mkusanyiko mwingine mkubwa kuliko wa uwanjani, na usio na choo. Mgonjwa wa kwanza wa homa ya nyani kutangazwa Kenya, Julai 2024, aligunduliwa Taveta mpakani akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda, na hapakuwa na mashindano yoyote.

Mkisimamisha mpira, mtasimamisha na sisi? Na kama sisi hatusimami, mpira umekosa nini?

#8 Mpira na Maisha

Ndugu Dereva, kila uzi ukiingia wewe huishia mpakani! Lakini leo umegusa penyewe. Na kwako Kumbukumbu za Soka, nimekubali masahihisho, asante.

#9 Bint Maniema

Amani kwenu. Mimi ni Mkongomani, nimezaliwa Kindu na ninaishi Goma. Ningependa mjue jinsi jambo hili linavyoonekana kwa anayefungiwa mlango.

Mwaka 2019 baba yangu alikuwa amekusanya pesa za hija kwa muda mrefu, kidogo kidogo, kutoka kwenye duka la vitenge. Ebola ilikuwa imeanza Kivu ya Kaskazini Agosti 2018, na Julai 2019 mgonjwa wa kwanza akapatikana Goma. Siku tatu baadaye dharura ya kimataifa ilitangazwa, na mwezi huo huo Saudi Arabia ikaacha kutoa viza za hija kwa watu wa nchi yetu. Watu wa nchi yote, ndugu zangu. Kongo ni kubwa mno. Mwislamu wa Lubumbashi alifungiwa kwa ugonjwa uliokuwa mbali naye kuliko ulivyokuwa mbali na Mganda au Mnyarwanda aliyesafiri bila kuulizwa.

Baba alikuwa amechanjwa. Goma yenyewe ilipata wagonjwa wanne tu, kwa sababu wahudumu waliwafuatilia waliotangamana nao mtaa kwa mtaa. Mlipuko ule uliua watu 2,287 na mimi nilizika jirani, kwa hiyo siuchukulii kwa wepesi. Lakini mlango uliofungwa haukuwa umepimwa kwa hatari, ulipimwa kwa pasipoti.

#10 Ustadhi wa Malindi

Dada Bint Maniema, pole kwako na kwa mzee wetu. Nami niko Muscat kwa sasa ingawa kwetu ni Unguja, na mambo ya hija nimeyafuatilia tangu ujana, kwa hiyo niruhusuni kurefusha kidogo.

Hija ndiyo mkusanyiko wa kimataifa uliopambana na swali hili kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia Makka na inakadiriwa kwamba mahujaji 15,000 walifariki. Kutoka hapo kikapanda meli hadi Misri na Ulaya. Mwaka uliofuata mataifa yalikutana Istanbul, na matokeo yake yakawa vituo vya karantini katika Bahari ya Shamu, kikiwamo kisiwa cha Kamaran, ambako mahujaji walizuiliwa kwa siku nyingi kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Wimbi hilo la miaka ya 1860 hatimaye lilifika kwetu: Unguja iliteketea mwaka 1869 na 1870, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi pale, alifuatilia njia yake na kuona kwamba kipindupindu kilishuka pwani kwa misafara ya bara, kupitia nchi ya Wamaasai. Hapo ndugu yangu Dereva amepata shahidi wa zamani, maana walizuia meli na ugonjwa ukaja kwa miguu.

Sasa tazameni mwaka 1987. Homa ya uti wa mgongo ilizuka katika hija, na mahujaji wakairudisha makwao. Aina ile ile ya bakteria ikaonekana Sudan na Chadi mwaka uliofuata na Kenya mwaka 1989. Je, hija ilisimamishwa? Hapana. Chanjo ikafanywa sharti la viza. Ilipozuka aina nyingine ya bakteria mwaka 2000 na 2001, sharti likabadilishwa liwe chanjo ya aina nne za bakteria. Mpaka leo kila hujaji anayetoka Unguja au Mombasa anaijua sindano hiyo. Njia hii, ya kuweka sharti badala ya kufunga, imefanya kazi kwa miongo kadhaa.

Na kwa kuwa wengi husema hija ya 2020 ilifutwa, si kweli. Ilifanyika kwa watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudi Arabia, kama elfu moja, wakati mwaka 2019 walikuwa karibu milioni mbili na nusu. Mwaka 2021 waliruhusiwa 60,000, wakazi wa humo humo waliochanjwa.

#11 Mwenyeji wa Naivasha

Habari zenu. Nina nyumba ndogo ya wageni karibu na ziwa. Mbio za magari za Safari Rally zilikuwa zirudi katika mashindano ya dunia Julai 2020, na mimi nilikopa kuongeza vyumba vinne. Zikaahirishwa hadi Juni 2021. Aliyenikopesha hakuahirisha chochote. Sikatai kwamba ilikuwa lazima, kwa sababu wakati ule hatukuwa na chanjo, lakini katika maandiko yote haya sijaona mtu akisema nani anabeba hasara. Waandaaji wakubwa wana bima na wanasheria. Mama anayeuza samaki kando ya barabara ya Moi South Lake hana, na aliyemuuzia mama huyo samaki kwa mkopo hana. Utaratibu wa Mwana wa Kagera ukiandikwa bila mfuko wa fidia, watu wa kawaida ndio watakaokuwa wa kwanza kuficha mgonjwa, kabla hata ya serikali.

#12 Mkufunzi wa Iten

Mwenyeji wa Naivasha amesema kweli. Mwaka 2020 marathoni ya Boston ilifutwa, Berlin ikafutwa, na London ikakimbiwa Oktoba na wanariadha wa daraja la juu peke yao, wakizunguka bustani moja. Kwa bingwa kama Eliud Kipchoge, Olimpiki ya Tokyo kuahirishwa hadi 2021 kulimsubirisha tu, na aliishinda marathoni yake kule Sapporo. Lakini huku Iten kuna vijana mamia ambao huishi kwa mbio moja au mbili za Ulaya kwa mwaka, ile ya nafasi ya saba au ya tisa ambayo hulipa karo na ng'ombe. Wawili niliowafundisha waliacha riadha mwaka ule na hawakurudi. Mmoja alikuwa na kipaji kuliko wote niliowahi kuwaona.

Hata hivyo nakumbuka pia Agosti 2021, mashindano ya dunia ya vijana chini ya miaka 20 pale Kasarani. Yalikuwa yameahirishwa mwaka mzima, yakafanyika bila watazamaji, Marekani na Uingereza hazikupeleka timu, na bado watoto wetu walikimbia. Kati ya kufanya na kusimamisha kuna ngazi nyingi, na sijui kwa nini tunabishana kana kwamba ziko mbili.

#13 Kumbukumbu za Soka

Mkufunzi ameongea, na nina mifano ya ngazi hizo. Mwaka 2003 Kombe la Dunia la Wanawake lilikuwa lichezwe Uchina. Ulipokuja ugonjwa wa SARS likahamishiwa Marekani, na Uchina wakapewa la 2007. Wachezaji hawakukosa mashindano na mwenyeji hakunyang'anywa heshima yake. Hiyo ndiyo hatua safi kuliko zote ninazozijua. Mwaka 2016 wanasayansi zaidi ya 150 waliandika barua ya wazi wakitaka Olimpiki ya Rio iahirishwe au ihamishwe kwa sababu ya Zika, ugonjwa unaoenezwa na mbu. Shirika la Afya Duniani likakataa, michezo ikafanyika Agosti, ambayo kule ni majira ya baridi na mbu ni wachache, na baadaye hakuna mgonjwa wa Zika aliyethibitishwa miongoni mwa wanamichezo na wageni.

Lakini sitaki mtu aniweke upande wa wanaosema uwanja hauna hatari. Tarehe 19 Februari 2020 Atalanta walicheza na Valencia mjini Milan, na watu kama 40,000 walisafiri kutoka Bergamo. Daktari mmoja wa mapafu wa Bergamo baadaye aliiita mechi ile bomu la kibiolojia. Tarehe 11 Machi, siku ile ile Uviko ulipotangazwa kuwa janga la dunia, mashabiki 3,000 wa Atletico Madrid walikuwa Liverpool, ilhali kwao Madrid shule zilikuwa zimefungwa. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuzuia ndege zile. Kwa hiyo Dada Muuguzi, katika ugonjwa wa pumzi namuunga mkono Mwana wa Kagera asilimia mia: simamisha, tena mapema, kabla hujawa na uhakika.

#14 Muuguzi wa Wilaya

Kwa ugonjwa wa pumzi sipingi. Lakini kuna sababu nyingine ambayo bado haijatajwa hapa, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote.

Tukio kubwa linahitaji magari ya wagonjwa, wauguzi, maabara, askari na madereva. Mlipuko unahitaji watu hao hao na magari hayo hayo. Katika wilaya niliyofanyia kazi, mgonjwa mmoja aliyethibitishwa alituletea orodha ya watu zaidi ya 60 waliotangamana naye, na kila mmoja hufuatiliwa kila siku kwa siku 21. Tulikuwa na pikipiki tatu, moja mbovu. Siku ambayo kiongozi mkubwa alipita wilayani tulichukuliwa gari na watu wawili, na jioni ile hatukuwafikia watu 11 wa orodha. Wote walisalimika, na ninamshukuru Mungu, lakini hiyo ilikuwa bahati.

Hivyo swali langu lisingekuwa «Je, uwanja utaambukiza?» Ningeuliza kama nchi ina watu wa kutosha kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Kigali, Oktoba 2024, walikuwa na mkutano mkubwa wa simu na mawasiliano wakati Marburg haijatangazwa kwisha, na mlipuko ulidhibitiwa. Vifo vilikuwa 15, uwiano mdogo sana kwa ugonjwa ule. Lakini hospitali zao ziko karibu, barabara ni nzuri, na dawa na chanjo za majaribio zilifika upesi. Biharamulo wagonjwa wote 10 waliohesabiwa, wawili waliothibitishwa na wanane wa kudhaniwa, walifariki. Siwezi kuziwekea nchi hizo mbili kanuni moja.

#15 Wakili Kijana

Dada, hoja hii ya watumishi sijawahi kuisikia ikitolewa katika mjadala wa sheria, na ninakiri imenitikisa. Bado ninauliza: nani atapima kama watu wanatosha? Akipima mwenyeji mwenyewe atasema wanatosha. Akipima CAF, ana mikataba ya matangazo ya kulinda. Akipima Shirika la Afya Duniani, halina mamlaka ya kusimamisha mechi, kwa kuwa hutoa ushauri tu.

#16 Dereva wa Masafa

Wapimwe na muuguzi mwenye pikipiki tatu.

#17 Mwana wa Kagera

Nimesoma yote, na nitasema palipobadilika na pasipobadilika.

Siku 42 kwa kila tukio nimeziacha. Fidia aliyoitaja Mwenyeji wa Naivasha ilipaswa kuwemo tangu mwanzo, na kosa ni langu. Kuhusu watumishi ninakubaliana na Dada Muuguzi kabisa, na ningependa hata idadi iandikwe: wilaya yenye mlipuko isichukuliwe gari wala mtu kwa ajili ya tukio lolote, la kitaifa au la kimataifa.

Pasipobadilika ni hapa. Wakili anasema utaratibu wa lazima utazaa kuficha. Mimi nasema kuficha kunazaliwa pale uamuzi unapofanywa gizani, usiku, kati ya watu wachache wenye pesa zao ndani. Kanuni iliyoandikwa mapema ingemwondolea hata yule ofisa mzigo, kwa sababu asingekuwa yeye anayefunga mashindano, ingekuwa karatasi iliyosainiwa na nchi tatu. Na kuhusu msiba wa shangazi, nimeelewa sayansi yake. Lakini sikuambiwa sayansi ile siku ile. Niliambiwa «msikusanyike», neno moja kwa watu wote, na baadaye nikaona kwamba halikuwa la watu wote.

#18 Wakili Kijana

Karatasi iliyosainiwa na nchi tatu huweza pia kufutwa na nchi tatu, mkuu, tena usiku huo huo. Hapo hatujaafikiana.

#19 Ustadhi wa Malindi

Bint Maniema, samahani kwa kukurudisha nyuma. Mzee alifanikiwa kwenda baadaye?

#20 Bint Maniema

Asante kwa kuuliza, Ustadhi. Mwaka 2020 milango ilifungwa kwa dunia nzima, na 2021 pia, kama ulivyoeleza. Baba alifariki Novemba 2021 kwa moyo. Mahujaji wa nje waliruhusiwa tena mwaka 2022, na kaka yangu alikwenda kumhijia mwaka 2023 kwa pesa zile zile za duka. Kadi ya chanjo ya Ebola ya baba ninayo bado, imo ndani ya pasipoti yake ambayo haijagongwa mhuri hata mmoja.

#21 Mwenyeji wa Naivasha

Pole sana, dada. Mungu amrehemu.

Nina swali kwa Kumbukumbu za Soka au Wakili: katika mikataba ya uenyeji wa 2027, kuna anayefahamu kama kuna kifungu cha magonjwa ya mlipuko kinachomtaja mfanyabiashara mdogo, au tuulize rasmi kupitia wabunge wetu?